Mapato mara mbili ya deni hayatoshi kumwondolea mtu wasiwasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie sentensi moja tu. Ilichapishwa wiki mbili zilizopita katika kurasa zako za biashara, kwenye habari ya kampuni inayowauzia wananchi hati fungani, yaani inawakopa na kuahidi kuwarudishia fedha yao pamoja na riba. Ilisema kwamba kwa kuwa mapato ya kampuni hiyo kwa mwaka ni mara mbili ya deni lake lote, wawekezaji hawana sababu ya kuwa na wasiwasi. Shemeji yangu aliikata habari ile kwa mkasi, akaizungushia sentensi hiyo kalamu nyekundu, akaniletea. Amestaafu mwaka huu. Kiinua mgongo chake kimekaa benki na anatafuta pa kukiweka. Alitaka nimwambie ndiyo au hapana, basi.

Sikumjibu. Nilimwuliza, "Shemeji, hayo mapato yakishaingia, nani na nani wanachukua chao kabla yako?" Akanyamaza. Nikaenda kutafuta karatasi na kalamu.

Nimefanya kazi miaka 27 katika idara ya mikopo ya benki. Kazi yangu ilikuwa kusoma hesabu za kampuni zilizoomba mkopo, kisha kuandika mwishoni mwa faili kama zitaweza kulipa au la. Kwa hiyo siandiki kumshambulia mwandishi wako. Sentensi ile nimeisikia kwa wakurugenzi, kwa wajumbe wa bodi, kwa maofisa vijana niliowafundisha, na miaka yangu ya mwanzo niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Naandika kwa sababu safari hii wanaoisoma ni watu wanaotaka kuweka akiba ya maisha yao yote.

Hesabu niliyomfanyia shemeji ni hii. Tuseme kampuni inapata 1,000 kwa mwaka na inadaiwa 500. Mara mbili, kama habari ilivyosema. Katika ile 1,000, mali ghafi, usafirishaji na ujira wa wanaozalisha vinachukua 780. Zinabaki 220. Mishahara ya ofisi, pango, bima na umeme vinachukua 130. Zinabaki 90. Sasa ndipo mkopeshaji anapofika mlangoni. Riba ya asilimia 12 juu ya deni la 500 ni 60, zinabaki 30. Kodi ya asilimia 30 ya hizo ni 9, zinabaki 21. Kuna mashine zinazochakaa, na zisipofanyiwa matengenezo au kubadilishwa mapato ya mwakani hayatakuwapo, weka 15. Zinabaki 6.

Deni lenyewe la 500 halijaguswa. Kama mkataba unataka limalizwe kwa miaka mitano, kila mwaka linadai 100. Kampuni ina 6. Kwa mwendo huo, hata pasitokee hitilafu yoyote, itahitaji zaidi ya miaka 80.

Shemeji aliishika ile karatasi kwa muda mrefu. Akaniuliza mbona basi kampuni kama hiyo inaweza kujisifu kwamba faida yake ya uendeshaji inafunika riba mara moja na nusu. Ni kweli, 90 ukigawa kwa 60 unapata moja na nusu. Lakini kipimo hicho kinauliza kuhusu riba peke yake, kana kwamba mkopeshaji hatakuja kudai mkopo wenyewe. Ofisini kwetu tulitumia kipimo kingine. Unachukua hela inayobaki baada ya gharama, kodi na matengenezo, kabla ya kumlipa mkopeshaji, unaigawa kwa jumla ya riba na marejesho ya mwaka huo. Katika mfano wetu ni 66 kwa 160. Yaani kwa kila 100 inayotakiwa kulipwa, kampuni ina 41. Wakopeshaji wengi hutaka waone angalau 120 au 125 kwa kila 100, maana wanajua mwaka haumalizi kama ulivyopangwa.

Kisha nikamwonyesha jambo ambalo ndilo huwashangaza wengi. Tuseme mauzo yanakua kwa asilimia 20, yanafika 1,200, gharama za uzalishaji zinapanda kwa kiwango hichohicho, na gharama za ofisi hazijapanda hata kidogo. Faida baada ya kodi inaruka kutoka 21 hadi 52. Gazeti litaandika kwamba faida imepanda zaidi ya mara mbili, na litakuwa limesema kweli. Lakini kama wateja wa kampuni wanalipa baada ya siku 90, fedha iliyo mikononi mwa wateja nayo imeongezeka kwa karibu 49. Ukiitoa hiyo pamoja na 15 za mashine, ile 6 ya mwaka jana imegeuka kuwa pungufu ya 12. Kampuni imeuza zaidi, imepata faida zaidi, na kwenye akaunti ina hela kidogo kuliko mwaka jana. Na mwenye kudai marejesho yake hapokei faida. Anapokea hela.

Hilo sikujifunza darasani. Nililijifunza kwa faili moja katika mwaka wangu wa sita kazini, na bado linaniuma.

Kilikuwa kiwanda cha maboksi ya kufungashia bidhaa. Mkurugenzi alikuja na chati ya mauzo ya miaka mitatu, kila mwaka umeupita uliotangulia, na wa mwisho umekua kwa asilimia 40. Hesabu zilikuwa zimekaguliwa. Faida ipo. Mkopo aliouomba ulikuwa chini ya theluthi moja ya mapato ya mwaka. Nilisoma taarifa ya faida na hasara, nikasoma mizania, yaani orodha ya mali na madeni, nikaandika kwamba mapato yanatosha kabisa kuhimili deni. Ukurasa wa mtiririko wa fedha, unaoonyesha hela iliyoingia na kutoka, niliupita. Ulikuwapo, nimeuona, nikaupita.

Walilipa marejesho 13 kati ya 36. La 14 halikuja. Nilipokwenda kiwandani nilikuta mashine zinanguruma, ghala limejaa, magari yanapakia. Mkurugenzi alinitolea rundo la ankara, akaniambia kwa uchungu wa kweli kwamba wao wanadai kuliko wanavyodaiwa. Nilizijumlisha, na alikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba zaidi ya nusu ya maboksi yote yalikwenda kwa mteja mmoja, na mteja huyo alilipa baada ya siku 120. Muuza karatasi alitaka chake ndani ya siku 30. Kila oda mpya waliyoipata iliwalazimu kulipia karatasi miezi mitatu kabla ya kuona senti, na kadiri mauzo yalivyokua ndivyo shimo lilivyochimbika. Mishahara ya mwezi ule ilikuwa haijatoka.

Mhasibu wao alikuwa mama mmoja mtaratibu. Alifungua mtoto wa meza akanionyesha daftari. Lilikuwa na safu mbili tu, moja ameandika "tumeuza" na ya pili "imeingia", siku kwa siku, kwa miaka miwili na zaidi. Ungefungua ukurasa wowote ungeona zile safu zinavyoachana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pale daftari lilikuwapo tangu siku ya kwanza, na mimi niliyetumwa kuchunguza sikuuliza kama lipo. Mashine ziliuzwa kwa mnada. Watu waliokuwa wakiziendesha walikwenda nyumbani. Tangu hapo hadi nastaafu, sikuwahi kutia sahihi faili lolote kabla ya kuona safu ya pili.

Najua mtu atasema hayo ni ya kampuni ndogo, kampuni kubwa zina wataalamu. Basi tuitazame Toys "R" Us ya Marekani, iliyouza vitu vya watoto kuchezea. Mwaka 2005 ilinunuliwa na wawekezaji watatu, KKR, Bain Capital na Vornado, kwa takriban dola bilioni 6.6, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mkopo uliobebeshwa kampuni yenyewe. Katika mwaka wake wa fedha ulioishia Januari 2017 iliuza bidhaa za dola bilioni 11.5 hivi. Deni lake lilikuwa kama dola bilioni 5. Ukigawa, mapato ni mara mbili ya deni na ziada. Ile sentensi ya gazeti lako ingeitosha Toys "R" Us kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake.

Lakini riba peke yake ilimeza zaidi ya dola milioni 400 kila mwaka. Faida ya uendeshaji ilikuwapo, na karibu yote iliishia huko. Kilichobaki hakikutosha kukarabati maduka wala kushindana na wauzaji wa mtandaoni, na deni lenyewe lilibaki palepale likisubiri kuiva, yaani kufika siku ya kulipwa. Habari zilipoanza kuvuja kwamba kampuni inazungumza na mawakili wa ufilisi, wazalishaji wa bidhaa wakabadili masharti, wakataka walipwe kwanza ndipo walete mzigo. Hapo hakuna kampuni yenye pengo dogo inayosalimika. Septemba 2017 ilikimbilia ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, mwaka uliofuata ikafunga maduka yake ya Marekani, na zaidi ya watu 30,000 wakapoteza kazi.

Kuna swali lingine ambalo mara nyingi husahaulika: mapato yenyewe ni ya namna gani? Kampuni ya ujenzi na huduma ya Uingereza, Carillion, iliripoti mapato ya zaidi ya pauni bilioni 5 kwa mwaka 2016, pamoja na faida. Hesabu zilitoka Machi 2017. Julai mwaka huohuo ikatangaza kwamba inafuta pauni milioni 845 kutokana na mikataba yake. Januari 2018 ikafilisika, ikiwa na pauni milioni 29 tu za fedha taslimu mbele ya madeni na majukumu ya karibu pauni bilioni 7. Fedha ile kubwa ilikwenda wapi? Sehemu yake haikuwahi kuwapo. Katika mikataba ya ujenzi kampuni huandika mapato kadiri kazi inavyosonga, kwa makadirio ya wakubwa wake kuhusu gharama zitakazokuja na madai watakayokubaliwa na mteja. Makadirio yakiwa ya matumaini makubwa, mapato nayo yanakuwa ya matumaini. Zaidi ya hapo, Carillion iliwacheleweshea wauzaji malipo hadi siku 120, na kulikuwa na mpango wa benki kuwalipa wauzaji hao mapema kwa niaba yake. Ule ulikuwa mkopo kwa sura yake yote, lakini haukuhesabiwa pamoja na mikopo mingine, kwa hiyo aliyegawa mapato kwa deni aligawa kwa deni lililopunguzwa. Ni tangu Januari 2024 tu ndipo kanuni za kimataifa za uhasibu zinadai mipango ya aina hiyo ielezwe waziwazi kwenye maelezo ya hesabu.

Ndiyo maana kabla hujauliza kama mapato yanatosha, ulizia kwanza deni ni kiasi gani hasa. Mikataba ya kukodi majengo, ndege au mitambo kwa miaka mingi ni ahadi ya kulipa kama mkopo ulivyo, na hadi mwaka 2019 kampuni nyingi zinazofuata kanuni hizo ziliweza kuiacha nje ya mizania. Dhamana ambazo kampuni imeweka kwa ajili ya kampuni nyingine nazo ni deni linalosinzia. Na chunga sana faida iliyoondolewa gharama moja baada ya nyingine hadi ikapendeza. WeWork, kampuni ya Marekani ya kukodisha ofisi, ilipouza hati fungani mwaka 2018 iliwaonyesha wawekezaji kipimo cha faida kilichoondoa hata gharama za matangazo na za utawala, wakati gharama hizo zililipwa kwa hela halisi kila mwezi. Novemba 2023 iliomba ulinzi wa mahakama.

Kwa kampuni ambayo mapato yake bado hayajaanza kuja, tahadhari iwe kubwa zaidi. Njia ya reli chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa ilifunguliwa mwaka 1994 baada ya gharama za ujenzi kupita makadirio kwa asilimia 80 hivi. Ilitabiriwa kwamba treni za Eurostar zingebeba abiria milioni 15.9 katika mwaka wa mwanzo. Mwaka 1995, ambao ndio wa kwanza kukamilika, walipanda kama milioni 2.9. Septemba mwaka huo Eurotunnel, kampuni inayoiendesha njia hiyo, ilisimamisha kulipa riba ya sehemu kubwa ya madeni yake. Njia ile ilifanya kazi, treni zilipita kila siku na hela ziliingia, ila deni lilipimwa kwa abiria wa kwenye karatasi. Mwaka 2007 deni lilikatwa kwa zaidi ya nusu, na kampuni ipo hadi leo. Ila waliokuwa na hisa na madai ya mwanzo hawakuipata tena fedha yao kamili.

Sitaki nieleweke vibaya. Deni si ugonjwa. Nimepitisha mikopo ya kampuni zilizodaiwa mara tatu ya mapato yao ya mwaka, na zikalipa hadi senti ya mwisho bila kuchelewa siku moja. Mojawapo ilikuwa mtambo mdogo wa kufua umeme kwa maji. Ilikuwa na mkataba wa miaka 20 na mnunuzi mmoja anayelipa vizuri, maji hayanunuliwi, wafanyakazi wachache, na katika kila 100 iliyoingia zaidi ya 70 ilibaki. Marejesho yalipangwa kwa miaka 15, yakaanza baada ya mtambo kuwaka. Kwa kipimo cha gazeti lako kampuni hiyo ingeonekana ni ya kuogopwa na ile ya maboksi ingeonekana ya kutegemewa. Kipimo kikikupa majibu kinyume namna hiyo, kinapaswa kuachwa.

Basi shemeji akarudi baada ya siku tatu na hesabu kamili za kampuni ile, kurasa 96, amezichapisha zote. Sitaitaja hapa, wala sisemi itashindwa kulipa. Sijui, na si haki kumtangazia mtu kifo. Nitaeleza tu tulivyosoma, ili wasomaji wengine waweze kusoma wenyewe.

Hatukuanza na mapato. Tulianza nyuma, kwenye maelezo ya hesabu, tukatafuta jedwali linaloonyesha madeni yanaiva lini. Karibu kila kampuni inayouza hati kwa umma inatakiwa kuwa nalo. Tukakuta kwamba kidogo zaidi ya nusu ya deni lote inaiva ndani ya miezi kumi na moja. Kisha tukafungua taarifa ya mtiririko wa fedha, mstari unaosema fedha iliyotokana na shughuli za uendeshaji. Mwaka juzi ilikuwa chanya kidogo, mwaka jana hasi, ingawa faida ilipanda miaka yote miwili. Tukarudi kwenye wadaiwa, yaani wateja ambao hawajalipa, tukaona madai yaliyopita siku 90 yameongezeka kuliko mauzo yalivyoongezeka. Shemeji ndiye aliyeliona hilo, si mimi. Akaniambia, "Hii ni ile safu ya pili." Nilifurahi.

Kisha tukasoma waraka wa kuuzia hati, sehemu inayoeleza fedha zitatumikaje. Zimeandikwa kazi mbili, kupanua biashara na "kurekebisha muundo wa madeni". Maneno hayo ya mwisho yanamaanisha kwamba fedha ya shemeji itawalipa wakopeshaji wa zamani. Kukopa ili kulipa mkopo unaoiva si uhalifu, kampuni nzuri hufanya hivyo kila siku. Lakini mkopeshaji mpya lazima ajue kwamba malipo yake nayo yatategemea apatikane mwingine wa kumrithi, kwa riba ya siku hiyo. Wenye kumbukumbu wataikumbuka benki kuu ya Marekani, iliyoanza mwaka 2022 na riba iliyokaribia sifuri na kufika Julai 2023 kwenye kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Kampuni zilizokopa kwa bei rahisi na kutegemea kukopa tena kwa bei ileile zilikuta dunia nyingine. Rudi kwenye mfano wetu wa 1,000: mapato yakishuka kwa asilimia 10 tu, ile 90 ya uendeshaji inakuwa 68, maana pango na bima havishuki. Riba ikipanda wakati huohuo kutoka asilimia 12 hadi 15, mkopeshaji anadai 75. Hapo riba peke yake imeshindikana, na hakuna balaa lolote lililotokea, ni mwaka mbaya wa kawaida.

Mwisho tuliangalia nani hasa anadaiwa. Mapato yaliyosifiwa ni ya kundi zima, yaani kampuni mama pamoja na kampuni tanzu nne inazozimiliki. Anayetoa hati ni kampuni mama, ambayo yenyewe haiuzi kitu. Inasubiri gawio kutoka kwa tanzu. Tanzu zina mabenki yao, na mabenki hayo yameshika mitambo na majengo kuwa dhamana. Hati za wananchi hazina dhamana. Mambo yakienda vibaya, mabenki yatajilipa kwanza pale mapato yanapozalishwa, na kitakachovuka kwenda juu ndicho cha akina shemeji. Haya yote yameandikwa, hayakufichwa. Yako ukurasa wa 71 na wa 83, kwa herufi ndogo kuliko za ukurasa wa mkurugenzi mkuu na picha yake. (Kama sehemu ya mapato au ya deni ingekuwa kwa fedha ya nchi nyingine tungeuliza na hilo, kwa sababu anayepata kwa fedha moja na kudaiwa kwa nyingine anaweza kuongezewa deni akiwa amelala. Kwa kampuni hii halikuwapo.)

Ndugu Mhariri, ombi langu ni hili. Kurasa zako zinapotangaza matokeo ya kampuni au mauzo ya hati, chini ya habari wekeni kisanduku chenye namba nne: fedha iliyotokana na uendeshaji kwa mwaka, riba iliyolipwa, deni linaloiva ndani ya miezi kumi na miwili, na fedha taslimu iliyopo. Zote zimo kwenye hesabu zilizokaguliwa. Kijana anayejua kusoma taarifa za fedha atazipata kwa dakika ishirini. Mapato yaandikeni pia, hakuna ubaya, ila yasisimame peke yake karibu na neno wasiwasi. Kampuni ikikataa kutoa mojawapo, andikeni kwamba imeombwa na haikutoa. Nipo tayari kukaa na waandishi wako siku mbili tatu kuwaonyesha mistari hiyo ilipo, bila malipo.

Shemeji hajanunua bado. Ameiandikia kampuni barua akiuliza deni linaloiva ndani ya miezi kumi na moja litalipwa na nini endapo hati zote hazitanunuliwa. Hadi leo asubuhi alikuwa hajajibiwa, na mauzo yanafungwa mwisho wa mwezi. Nakuomba gazeti lako liwaulize swali hilohilo kabla ya siku hiyo, kwa sababu mstaafu mmoja wanaweza kumwacha bila jibu, gazeti hawataliacha.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi,
Ofisa mikopo mstaafu